Losartani kwa damu iliyozidi baada ya kuwekewa figo: mwaka na zaidi nikiinywa hapa Malindi

Nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu niliyoibana ntaieleza huko mbele. Nazungumzia losartani ya miligramu 50, kidonge cha presha ambacho mimi sikuandikiwa kwa ajili ya presha, niliandikiwa kwa ajili ya damu kuzidi mwilini baada ya kuwekewa figo. Kabla yake nilikunywa enalaprili wiki kumi hivi, kwa hio hapa utapata habari ya dawa mbili, na ntagusa pia maduka ya dawa ya hapa mjini mana dawa hata iwe nzuri vipi ikipitia mkono usiokuwa makini inakuletea balaa. Nimeandika kirefu kwa sababu wakati mimi natafuta mtu wa kuniambia kwa Kiswahili hii dawa inafanyaje kazi na ntahisi nini, sikumpata.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu, nina miaka 43, sivuti sigara wala sijawahi kuvuta. Figo zangu zilikufa, nikakaa kwenye dayalisisi miaka mitatu, mara mbili kwa wiki, na wakati ule HB yangu, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa inacheza kwenye 7 na 8, nachomwa sindano za kuongeza damu na mara tatu nimewekewa damu za watu, Mungu awalipe. Agosti 2022 nikapandikizwa Nairobi, aliyenitolea figo ni dadangu wa tumbo moja. Figo ikashika vizuri tangu siku ya kwanza, mkojo ukatoka pale pale mezani ivo nilivyoambiwa, na baada ya miezi sita HB imefika 14, nyumba nzima inashukuru.

Tatizo lilianza mwezi wa kumi na nne. Kichwa kizito kila asubuhi, si maumivu makali ila kama mtu amekufunga kilemba kikakaza, na masikio yanavuma, na uchovu ambao sikuuelewa mana figo inafanya kazi. Macho yakawa mekundu, na hapa kwetu mtu mwenye macho mekundu asubuhi watu washaamua amekesha na miraa, nimeulizwa hilo swali na wateja watatu na liliniumiza. Lakini kilichonishtua hasa ni kitambaa. Nilikuwa nashona kanzu nyeupe ya arusi, nikaweka kiganja juu ya poplini kuinyoosha kabla sijapitisha mshono, nikaona kiganja changu chekundu, chekundu kama mtu aliyetia hina akaiosha mapema kabla haijakoza, na vidole vimejaa. Nikamwita mke wangu aje aone. Mamangu naye alikuwepo, akanishika mashavu akasema Alhamdulillahi mwanangu umejaa damu, sasa umepona kikweli.

Na hapo ndipo hatari ilipo, mana sisi tumezoea kwamba shida ni damu kupungua. Kila mtu anajua kuongeza damu, maini, mchicha, bitiruti, rozela, kila nyumba ina dawa yake. Hakuna aliyewahi kuniambia damu inaweza kuzidi ikawa ugonjwa. Wiki nzima nikakaa nikifurahia mashavu mekundu pamoja na mamangu, na huku kichwa kinaniuma.

Nikaenda maabara hapa Malindi kwa hemogramu yangu ya kawaida ya kila mwezi. Kijana akafunga mpira, akachoma, damu ikawa inakuja polepole ndani ya bomba, nzito, rangi ya ukwaju uliokolea. Akanitazama. Mashine ikatoa HB 18.9 na PCV, yaani sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu, asilimia 57, akairudia mara ya pili kwa sababu hakuamini, ikatoa ile ile. Nikapiga picha karatasi nikamtumia daktari wangu wa figo, na baada ya robo saa simu ikalia, akaniambia kunywa maji, usikae kwenye jua, na kesho uje.

Ntaeleza alivyonieleza mana alinieleza vizuri sana na ndio msingi wa kuelewa hii dawa. Figo kazi yake si kuchuja tu, figo ndio inayotoa homoni inaitwa erithropoietini ambayo inaenda kwenye uboho wa mifupa kuuambia utengeneze seli nyekundu. Ndio mana mgonjwa wa figo hana damu. Sasa ukiwekewa figo mpya, zile mbili za zamani mara nyingi hazitolewi, zinabaki mgongoni huko, zimekufa kwa kuchuja lakini kwa wengine bado zinaendelea kutoa ile homoni bila mpangilio, na figo mpya nayo inatoa ya kwake. Juu ya hapo kuna homoni nyingine ya presha, angiotensini, ambayo nayo inausukuma uboho uzidi kutengeneza. Matokeo yake damu inakuwa nzito. Wanahesabu kwamba umeingia kwenye huu ugonjwa HB ikipita 17 au PCV ikipita asilimia 51 na ikabaki huko bila sababu nyingine. Katika watu 100 waliopandikizwa figo, 8 mpaka 15 hivi walikuwa wanaupata, na siku hizi umepungua kwa sababu wengi wanakuwa tayari wanakunywa hizi dawa kwa presha zao. Unakuja zaidi kati ya mwezi wa 8 na wa 24, unapenda wanaume kuliko wanawake, na unapenda zaidi watu ambao figo yao mpya inafanya kazi vizuri. Hili la mwisho lilinipa nguvu kidogo.

Nikamuuliza, daktari nikiacha tu kutatokea nini? Akasema damu nzito inaganda. Inaweza kuganda mguuni, ikaruka kwenye mapafu, ikaziba ubongo ukapata kiharusi, au ikaziba mshipa wa hio figo aliyokupa dadako. Katika hesabu za zamani za wagonjwa ambao hawakutibiwa, 10 mpaka 30 katika kila 100 walipata damu kuganda. Bas, hapo sikuwa na swali lingine.

Kabla ya dawa walinipima vitu vingine kwanza na nawaomba na nyinyi msikubali kupewa kidonge bila haya. Altrasaundi ya figo mpya na ya zile za zamani, mana figo za zamani zinaweza kuota uvimbe na uvimbe nao unatoa homoni ya damu. Wakaangalia mshipa unaoingia kwenye figo mpya kama umebanwa. Wakaniwekea kile kidude cha kidoleni kupima hewa ya oksijeni, wakaniuliza kama nakoroma usiku na kukatika pumzi, wakauliza sigara. Wakaangalia seli nyeupe na chembe za kugandisha damu, mana zikiwa zimepanda zote pamoja huo ni ugonjwa mwingine wa uboho wenyewe. Kwangu yote yalikuwa safi.

Kwa kuwa nilikuwa kwenye 57 wakaamua kunitoa damu kwanza, mililita 450, kama mtu anayechangia damu. Hii sehemu haitanitoka. Nilikuwa Mombasa, nimelala kitandani, mfuko unajaa upande wangu wa chini, na kitanda cha pili kulikuwa na mama wa makamo anawekewa damu, mfuko wake uko juu unashuka tone tone. Nikamuuliza sista kwani hii yangu haiwezi kumsaidia mtu? Akasema hapana baba, wewe unakunywa dawa za kulinda figo, damu yako haichangiwi. Ikaenda kutupwa. Nililia, kwa kweli nililia, nikikumbuka ile miaka mitatu nikitafutiwa damu huku na huku.

Kutolewa damu kunashusha haraka lakini hakuzuii uboho kuendelea, na ukitolewa mara nyingi unaishiwa na madini ya chuma mwilini. Ndio mana dawa. Daktari aliniambia zamani walikuwa wanatumia theofilini, ile ya pumu, kuna wenzao Marekani waliandika habari yake mwaka 1990, alafu miaka ile ile ya mwanzo wa 90 ikaonekana kwamba watu waliopandikizwa figo wakipewa enalaprili kwa presha damu yao inashuka. Yaani kile kilichokuwa kinahesabiwa madhara ya dawa kwa mwingine, kwa mtu kama mimi kikawa ndio tiba. Hizi dawa zinakata ile angiotensini, uboho unapunguza kasi.

ENALAPRILI nampa nyota tatu, na simnyimi haki yake, kazi aliifanya. Nilianza Novemba 2023 na miligramu 2.5 asubuhi na jioni, baada ya wiki mbili ikawa 5 na 5. Presha yangu mimi ilikuwa 118 kwa 76, ya kawaida kabisa, kwa hio wiki ya kwanza nikiinuka kwenye cherehani ghafla kiza kinapita machoni. Nikajifunza kuinuka pole pole, na ile ya kwanza kabisa kuinywa usiku wakati wa kulala. Baada ya mwezi PCV imetoka 53 iliyobaki baada ya kutolewa damu ikawa 51. Kichwa kikawa chepesi. Nikasema khalas, nimepata.

Kwenye wiki ya tano kikaja kikohozi. Kikavu, hakina kohozi, kinaanzia pale kooni kama unyoya umekwama, na kinapenda usiku na kinapenda swala, nikisimama isha safu nzima inanisikia. Mke wangu akahamia chumba cha watoto. Sasa mtu kama mimi ninayekunywa dawa za kushusha kinga, kikohozi si kitu cha kuchezea, kila mtu akafikiria TB. Nikapigwa eksirei, nikapimwa makohozi ambayo hata kuyapata ilikuwa shida, siku kumi nzima nikakaa mbali na mamangu na watoto nakula peke yangu ukumbini. Ikatoka hakuna TB. Daktari aliposikia nimekohoa wiki tano bila homa akasema ni kidonge hicho, ungenipigia siku ya kwanza. Na kweli nilipoacha kikaanza kupungua, wiki ya tatu kimekwisha kabisa. Ningeambiwa mapema kwamba enalaprili ina kikohozi, zile siku kumi za hofu zisingekuwepo. Kwa hio mimi nawaambia: ukianza enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, hizo zote zinazoishia na "prili", kikohozi kikavu kikija mwambie daktari mapema, na TB upimwe vile vile, usidharau.

Mwisho wa Januari 2024 nikaingia LOSARTANI, miligramu 50 mara moja kwa siku. Hii inaziba ile angiotensini kwa mlango mwingine ndio mana haina kikohozi kile. Ninakunywa saa mbili usiku pamoja na takrolimasi yangu ya jioni, ile dawa ya kushusha kinga mwili usiikatae figo, ili nisisahau. Kidonge ni kidogo, hakina harufu, hakichomi tumbo, na sijapata kukosa usingizi wala kuwashwa. Kizunguzungu kidogo siku za mwanzo alafu kikaisha.

Matokeo nayaandika kama yalivyo kwenye karatasi zangu. Siku naanza, HB 17.4 na PCV 52, mana wakati nabadilisha dawa zilipanda tena. Baada ya wiki sita HB 16.6. Miezi mitatu, 15.5. Miezi sita, 14.7 na PCV 44. Naona watu wanakata tamaa wiki ya pili wakidhani dawa haifanyi kazi, hii dawa si panadoli, seli nyekundu inaishi siku 120 hivi mwilini, zile zilizozidi lazima zizeeke zife zenyewe, dawa inachofanya ni kuzuia mpya zisizidi. Wiki za mwanzo utaona kidogo, miezi mitatu mpaka sita ndio unaona kazi yake yote. Kiganja changu kilirudi rangi yake mwezi wa nne, nilikuwa nakikagua kila siku juu ya kitambaa cheupe.

Sasa ile nusu nyota. Potasiamu, madini ya kwenye damu ambayo yakizidi yanaweza kuvuruga moyo. Losartani inaifanya figo ibakishe potasiamu mwilini, takrolimasi nayo inafanya ivo ivo, na kama bado uko kwenye septrini, ile ya kuzuia maambukizi, nayo inasukuma. Yaani mtu aliyepandikizwa ana vitu vitatu vinavyovuta upande mmoja. Na sisi watu wa pwani tunakunywa madafu. Ramadhani ya 2024 iliingia Machi na joto lile mnalijua, mimi sifungi kwa amri ya daktari, natoa fidya, lakini wakati wa futari nakaa mkekani na watu wangu kama kawaida, siwezi kukaa pembeni. Tende tano, madafu mawili, kwa sababu dadangu aliyenipa figo huwa anatuletea madafu kutoka Mambrui na anayakata mwenyewe mbele yangu, na ndizi mbivu za nazi, na juisi ya maembe au machungwa. Kila siku, wiki mbili. Hakuna hata kimoja hapo kisichokuwa na potasiamu, na dafu na tende ndio zimejaa.

Nikaanza kuhisi miguu mizito, misuli inalegea nikikanyaga pedali ya cherehani, nikadhani ni uchovu wa oda za Idi. Kwa bahati ilikuwa tarehe yangu ya UEC, kipimo cha figo na chumvi za kwenye damu. Potasiamu 5.9. Maabara walinipigia wenyewe kabla sijafika nyumbani, nikarudi na tuktuk hospitali, nikapigwa ile mashine ya moyo ya nyaya kifuani, moyo ulikuwa sawa, wakanipa dawa ya kuishusha na losartani nikasimamishwa siku nne. Wiki moja baadaye 4.8, nikarudishwa. Dadangu alilia akidhani ameniua kwa madafu yake. Nikamwambia hapana dadangu, hatukujua sote.

Kwa hio nakata nusu nyota, na nusu hio naikata kwa dawa mana ndio tabia yake, ila nusu nyingine ningemkata kila mtu aliyenipa karatasi ya dawa bila kuniuliza mtu wa Malindi unakunywa nini ukiwa na kiu. Waliniambia "punguza matunda". Dafu kwetu si tunda, dafu ni maji. Angalau wangetaja jina lake. Sasa hivi nakunywa maji ya kawaida, lita mbili na nusu mpaka tatu, na maji haya ni lazima kwa sababu ukikauka na jua la hapa PCV inapanda kwa kukauka tu na unaweza kupewa dawa nyingi bure. Viazi na mihogo mke wangu anakatakata, anavichemsha kwa maji mengi, anamwaga maji yale alafu ndio anapika. Balungi nishaliacha tangu zamani kwa sababu ya takrolimasi. Na zile chumvi za kwenye mikebe zinazouzwa kama chumvi salama ya watu wa presha, nyingine ni potasiamu tupu, soma mkebe.

Kriatinini nayo, ule uchafu wa damu wanaoupima kujua figo inachuja vipi, mtu asishtuke. Yangu ilitoka 104 ikaenda 119 mwezi wa kwanza wa losartani, nikapaniki, daktari akasema kupanda kidogo ni kawaida, wao wanashtuka ikipanda zaidi ya asilimia 30 hivi, hapo wanaangalia kama mshipa wa figo umebanwa. Yangu ikatulia 112. Ndio mana lazima upimwe damu wiki moja mpaka mbili baada ya kuanza au kuongezewa, si baada ya miezi mitatu. Na siku ukiharisha au ukitapika sana, mpigie daktari kabla ya kumeza, mimi niliambiwa niisimamishe siku hizo mpaka nirudi kula na kunywa.

Sasa maduka ya dawa. Kuna moja hapa mjini, jina nalihifadhi, nilienda Disemba 2024 kwa sababu lile langu lilikuwa limefunga, nikatoa cheti, kijana akanipa pakiti akasema ni losartani ile ile ila ya kampuni nyingine. Sikuangalia. Nikaimeza wiki tatu. Kiu haiishi, mkojo kila saa, kizunguzungu kimerudi, na kile kichwa cha kilemba kikarudi. PCV ilikuwa 44 imekuwa 49, kriatinini 131. Nilikuwa nimepewa losartani iliyochanganywa na dawa ya kukojoza, pembeni ya jina kuna herufi H ndogo. Kwa mgonjwa wa presha wa kawaida ni dawa nzuri tu na wengi wanaitumia. Kwa mtu ambaye damu yake ni nzito unamkamua maji, damu inazidi kuwa nzito. Ni herufi moja tu ile na ilikuwa karibu inirudishe nilikotoka. Nilirudi nikawaonyesha, hakuna aliyesema pole, nikaambiwa ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Aliyeigundua ni binti wa duka langu la kawaida, ambaye nampa nyota tano zake peke yake. Nilipoenda kununua tena nikampa lile boksi tupu kama mfano, akalishika, akaligeuza, akaniambia ami hii umepewa na nani, yako haina H. Akaniandikia kwa kalamu kwenye cheti changu "losartani PEKE YAKE 50" akanipigia mstari chini. Ana daftari lake, kila mteja wa dawa za kila siku amemuandika, na dawa ikikaribia kuisha anapiga simu. Siku nyingine nilienda na maumivu ya mgongo nataka diklofenaki, akakataa kuniuzia, akasema wewe una figo moja na uko kwenye losartani, dawa za maumivu za jamii hio zitaiumiza, chukua paracetamoli alafu muulize daktari. Nilinuna kidogo siku ile, leo namuombea dua.

Bei ni nafuu, na hili lazima nilisifu. Vidonge 30 nalipa shilingi 450, kuna mwezi nilipata kwa 400, ukilinganisha na takrolimasi inayonitoa jasho kila mwezi hii ni kama bure. Kinachokula pesa ni vipimo na nauli ya Mombasa, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, kwa hio mimi napimwa damu hapa hapa, natuma karatasi kwa simu, na kliniki naenda kila miezi mitatu.

Watu wananiuliza utakunywa mpaka lini. Daktari alisema takriban robo ya watu inawaacha yenyewe baada ya muda, wengine inabaki. Januari 2025 tulijaribu, akanishusha mpaka miligramu 25. Mwezi wa pili PCV 50, vidole vimeanza kujaa tena. Tukarudi kwenye 50 na ikashuka. Mimi basi si katika ile robo, na nimeridhika. Ninachoomba ni kwamba usijiachie mwenyewe kwa sababu presha yako iko sawa. Nishaambiwa hivyo kwenye zahanati, mtu kanipima, kaangalia boksi, akasema baba presha yako nzuri hii dawa ya nini, iache. Hakuuliza. Sasa hivi kwenye boksi nimebandika karatasi imeandikwa HII NI YA DAMU.

Wanawake waliopandikizwa ambao mnataka kuzaa, hii dawa na zile za "prili" zinaharibu mtoto tumboni, mseme na daktari kabla ya kushika mimba, msingoje baada. Na mtu asisome hapa akaenda kununua kwa sababu kiganja chake chekundu, kuna vipimo vya kufanywa kwanza nimevitaja hapo juu.

Leo asubuhi nimetoka maabara. Kijana ni yule yule, damu imekuja haraka mara hii, bomba limejaa kabla sijamaliza kumsalimia. HB 14.9, PCV 45, potasiamu 4.7, kriatinini 110. Nilipofika nyumbani mamangu alikuwa kibarazani, siku hizi hanishiki mashavu, ananyosha mkono anataka karatasi, na kwa kuwa hasomi namba hizi ndogo nikamsomea moja moja, na kila moja akauliza ilikuwa ngapi mara iliyopita.